Dakika Tano Kabla ya Mkanda

Kazi ya kupima presha huanza kwa kukaa. Mtu ameketi, mgongo umeegemea ukuta, nyayo zote mbili ziko chini, mkono umelazwa mahali pa kutulia, na mpimaji anasubiri. Dakika tano nzima. Haulizi kitu, wala hataki kuulizwa. Mpita njia akiwaona hudhani wanamngoja mtu wa tatu. Kumbe kazi imeshaanza, na kwangu mimi hapa ndipo mpimaji mahiri anapojitenga na mpimaji wa hivi hivi. Si jambo dogo kwa mtu mwenye nyumba nyingine nyingi za kufikia kabla jua halijakaza, akubali kunyamaza dakika tano katika kila baraza.

Nimewatazama wanaokubali, huko Kaloleni katika kaunti ya Kilifi, na sijachoka kuwatazama. Ni wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao kina mama, miongoni mwa watu takribani 100,000 ambao Kenya iliwakabidhi mikoba ya kazi mnamo Septemba 2023. Ndani ya mkoba mna kipimajoto, mizani, mashine ya sukari na mashine ya presha. Kila mhudumu ana kaya zake, kama 100 hivi, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa fedha hizo na kwa mkoba huo nchi imeamua kuutafuta ugonjwa wa moyo nyumbani kwa watu, kabla haujawafikisha hospitali wakiwa wamebebwa. Wachumi wa afya husema mpango wa namna hii una gharama nafuu, na hesabu zao nazikubali. Ila unafuu huo una sharti: namba inayoandikwa iwe ya kweli. Na ukweli wa namba uko mikononi mwa mama huyu aliyeketi kimya barazani.

Asubuhi moja mhudumu alimkuta bibi mmoja ndiyo kwanza anatua ndoo ya maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na ile mashine yako?"

"Nimekuja nayo. Lakini wewe umetoka kisimani sasa hivi. Keti kwanza."

"Mimi sijachoka."

"Najua hujachoka, bibi. Ni moyo wako tu, bado unadhani uko njiani."

Bibi alicheka, akaketi. Maswali yaliyofuata yaliulizwa kwa sauti ya chini na kwa adabu. Chai ameshakunywa? Tumbaku je, ameigusa leo? Haja ndogo, habanwi? Kila swali lina hesabu yake. Chai, kahawa na tumbaku hupandisha presha kwa muda, ndiyo maana kanuni inataka nusu saa ipite. Kibofu kilichojaa kinaweza kuongeza milimita 10 hivi za zebaki. Kukunja nne huongeza 2 hadi 8. Kukaa bila kuegemea, 6 au zaidi. Kuongea wakati mkanda unabana, 10 nyingine. Mtu mwenye presha njema kabisa, akiwa amebanwa na mkojo, amekunja nne, na anasimulia habari za mwanawe aliye Mombasa, anaweza kuondoka pale na jina la mgonjwa. Bibi naye alianza kusimulia. "Hayo nayataka yote, bibi," mhudumu akamwambia, "tukimaliza." Wakanyamaza wote wawili.

Ulipofika wakati wa mkanda, alitoa kwanza futi ya fundi cherehani, akaizungusha kwenye mkono wa bibi katikati ya bega na kiwiko. Hatua hii nimeiona ikirukwa mahali pengi, hata kwenye majengo makubwa yenye kila kitu. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uuzunguke mkono angalau asilimia 80 ya mzingo wake, na upana wake ufikie asilimia 40. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hulazimika kubana zaidi ndipo uuzibe mshipa. Mashine haijui kwa nini imelazimika, inaandika tu namba kubwa. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hufanya kinyume. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kuhusu jambo hili hili. Watu ambao mikono yao ilihitaji mkanda mkubwa kabisa, walipopimwa kwa mkanda wa kawaida, namba yao ya juu ilizidi kwa wastani wa milimita 19.5. Waliohitaji mkanda mdogo, ilipungua kwa 3.6. Sasa fikiria boma moja la Kaloleni, lenye bibi aliyekonda kwa uzee na binti yake mwenye mwili wake, na mashine iliyonunuliwa na mkanda mmoja, kama zinavyouzwa nyingi. Mkanda huo ukiwapitia wote wawili bila futi kutangulia, bibi ataambiwa yuko salama kuliko alivyo, na binti ataanzishiwa vidonge vya maisha yake yote kwa sababu ya kipande cha kitambaa.

Bibi alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu. Mhudumu hakuikunja mpaka begani, kwa sababu nguo iliyosokotwa hubana mkono hata kabla mkanda haujabana. Alimsaidia kuutoa mkono wote nje, akamfunika bega kwa upande wa leso. Leso nyingine aliikunja mara kadhaa akaiweka juu ya kigoda chini ya mkono ule, akaongeza mkunjo, akapunguza, hadi katikati ya mkanda ikalingana na moyo. Leso hiyo ya pili ilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote nilichokiona siku ile. Damu ina uzito. Mkono ukiwa chini ya moyo kwa sentimita 10, uzito wa damu peke yake unaongeza milimita 7 au 8, na ukiwa juu ya moyo unapunguza kiasi hicho hicho. Mwaka 2024 hao hao wa Johns Hopkins waliwapima watu mkono ukiwa mezani, ukiwa mapajani, na ukiwa unaning'inia ubavuni. Mapajani namba ya juu ilipanda kwa karibu 4, na ubavuni kwa 6.5. Mashine ya bei kubwa haiwezi kuyaondoa makosa hayo. Leso iliyokunjwa sawasawa inayaondoa.

Ujuzi huu umekusanyika polepole, na waliouleta wanastahili kutajwa. Mwaka 1733 kasisi Mwingereza, Stephen Hales, alichapisha habari za jinsi alivyomfunga farasi jike, akatia bomba katika mshipa wake, akatazama damu ikipanda ndani ya mrija wa kioo hadi zaidi ya futi 8. Presha ikawa imeonekana kwa macho, ingawa kwa njia ambayo hakuna mgonjwa angeikubali. Ilichukua zaidi ya miaka 160 mpaka Scipione Riva-Rocci, daktari wa Italia, alipotengeneza kifaa chake mwaka 1896. Aliuzungushia mkono mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaujaza upepo, akashika mapigo ya kifundo cha mkono, na akasoma zebaki imefika wapi mapigo yalipotoweka. Hakuna kukata, hakuna damu. Namba aliyoipata ilikuwa ya juu peke yake, na kwa kuwa mpira wake ulikuwa mwembamba mno, ilizidi. Heinrich von Recklinghausen wa Ujerumani ndiye aliyeupanua mkanda miaka michache baadaye. Ugomvi wa ukubwa wa mkanda, kwa hiyo, ni wa tangu mwanzo wa karne ya 20.

Namba ya chini ililetwa na sikio. Nikolai Korotkov alikuwa daktari wa upasuaji wa jeshi la Urusi, aliyeshughulika na majeruhi waliopasuka mishipa. Kazi hiyo ilimzoesha kuiwekea mishipa sikio, kujua ipi bado inapitisha damu na ipi imekufa. Mwaka 1905 alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini St. Petersburg, akaeleza jambo lake kwa maneno ambayo hayajazi hata ukurasa mmoja. Funga mkono kwa mkanda wa Riva-Rocci. Bana hadi damu isipite. Weka stetoskopu juu ya mshipa, chini kidogo ya mkanda. Achia hewa, na usikilize.

Mshipa uliozibwa kabisa hautoi sauti. Mshipa ulio wazi kabisa nao hautoi sauti ya kusikika. Sauti huzaliwa katikati tu, pale damu inapopenya kwa nguvu mahali palipobanwa, na aliyewahi kuubinya kwa kidole mpira wa kumwagilia bustani anaifahamu habari hii kwa upande wa maji. Pigo la kwanza kusikika ndiyo namba ya juu: hapo nguvu ya moyo imeishinda nguvu ya mkanda. Mapigo huendelea, hubadilika, hufifia, na yanapotoweka kabisa hapo ndipo penye namba ya chini: mkanda hauna tena uwezo wa kuuzuia mshipa hata moyo unapopumzika. Kila ninapoifikiria njia hii naona uzuri wake. Haimwumizi mtu, na inamwambia daktari mambo mawili yaliyofichika ndani ya mwili kwa kumtaka asikilize lini sauti inaanza na lini inakoma.

Muuguzi wa zahanati anayewapokea watu wanaotumwa na mhudumu wetu alijifunza kwa njia ya Korotkov, na hajaiacha. Nilimwona akianza kwa vidole. Kabla ya kuweka stetoskopu masikioni, alishika mapigo ya kifundo, akajaza hewa hadi yalipopotea chini ya vidole vyake, akaikumbuka namba ile, akaachia. Ndipo akajaza upya, akapita namba ile kwa 30, akaanza kushusha. Wengi hudhani vidole hivyo ni kupoteza muda. Lakini kuna watu, hasa wazee wenye mishipa iliyokakamaa, ambao sauti zao husikika, kisha hunyamaza kwa kitambo, kisha hurudi. Mpimaji asiyetanguliza vidole anaweza kuacha kujaza hewa akiwa ndani ya ukimya huo, akasikia sauti inaporudi, akadhani ndiyo mwanzo. Ataandika 150 kwa mtu mwenye 190. Atamrudisha nyumbani mtu ambaye kiharusi kinamnyemelea.

Kushusha nako kuna mwendo wake: milimita 2 kwa sekunde. Ukishusha haraka, mshale unapita alama kadhaa kati ya pigo moja na jingine na hujui ipi ya kusoma. Muuguzi huyu alikuwa na skrubu ya hewa kati ya kidole gumba na cha shahada, akiifungua kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona, na mshale ukateremka bila kuruka. Nilimwomba anionyeshe anavyofanya. Alinionyesha mara tatu, kwa subira, na mkono wangu haukuweza.

Zebaki yenyewe inaondoka. Mkataba wa Minamata, uliobeba jina la mji wa Japani ambako zebaki iliwaangamiza watu, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipimo vya afya vyenye zebaki, na zahanati nyingi sasa zina mashine za mishale au za betri. Mashine ya betri haisikilizi. Inahisi mtikisiko wa mshipa ndani ya hewa ya mkanda, inatafuta mahali mtikisiko ulipo mkubwa kuliko kote, na kutoka hapo inakokotoa namba zote mbili kwa hesabu ya kiwanda chake. Kwa mhudumu wa kijijini ni neema: haimtaki awe na sikio la muuguzi, na haina upendeleo wa kuviringisha namba. Lakini ina upofu wake. Moyo unaopiga bila mpangilio huivuruga. Ndiyo maana mhudumu wa Kaloleni, kabla ya kubonyeza kitufe, alikishika kifundo cha bibi na kuhisi mapigo kama yanafuatana sawasawa. Sikumwona akitazama saa. Alikuwa amefumba macho.

Alipima, akasubiri dakika moja, akapima tena, kisha mara ya tatu. Ya kwanza huwa kubwa mara nyingi, kwa wasiwasi tu. Aliandika zote.

Nimesema habari ya gharama, na sasa niifikie. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya kupanda, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui. Hawana homa, hawana maumivu, wanalima, wanauza, wanaswali, wanacheza ngoma. Wataijua siku upande mmoja wa mwili utakapogoma. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lilihesabiwa kwa uangalifu mkubwa nchini Tanzania kati ya 2003 na 2006, watafiti walipofuatilia kila tukio jipya la kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na matukio 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Idadi hiyo ya Dar es Salaam ni miongoni mwa kubwa zilizopata kuandikwa. Nyuma ya kila tukio kuna kitanda, kuna binti aliyeacha biashara amwangalie baba, kuna ada ya shule iliyokwenda kwenye nauli za hospitali. Ukiyaweka hayo upande mmoja, na upande wa pili ukaweka mashine ya betri, futi, posho ya mhudumu na vidonge vya amlodipine ambavyo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu duniani, huhitaji kuwa mchumi.

Lakini tazama vipimo vyenyewe. Uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuishusha namba ya juu kwa milimita 5 tu hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 10 hivi. Huko Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, jaribio la vijijini lililochapishwa mwaka 2020 liliwatumia wahudumu wa jamii kuwatembelea wenye presha, kuwapima, kuwashauri na kuwaunganisha na madaktari. Baada ya miaka miwili presha yao ilikuwa imeshuka milimita 5 zaidi ya ile ya vijiji vingine. Milimita 5 ndiyo faida yote inayotafutwa, kwa fedha zote na kwa kutembea kote. Na zaidi ya milimita hizo 5 hupotea mkono ukiachwa uning'inie. Hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu ile leso. Upimaji wa bei nafuu uliofanywa vibaya si nafuu hata kidogo. Unajaza kliniki watu wenye afya njema, unamaliza dawa ambazo zilikuwa za wengine, na unampa aliye hatarini cheti cha usalama.

Presha peke yake nayo haimalizi swali. Watu wawili wenye 150 hawako katika hatari moja, ikiwa mmoja ana miaka 42 na hajawahi kuvuta sigara, na mwingine ana 68 na anavuta tangu ujana. Zamani kukisia hatari kulihitaji kolesteroli, yaani sindano, maabara, na kurudi kesho kuchukua majibu. Mwaka 2008 Thomas Gaziano wa Harvard na wenzake walionyesha, kwa kumbukumbu za Wamarekani waliofuatiliwa miaka mingi, kwamba uzito na urefu vinaweza kukaa mahali pa kolesteroli na utabiri usipungue kwa kiasi cha maana. Shirika la Afya Duniani limekuwa na chati za namna hiyo tangu 2019, zilizotengenezwa kanda kwa kanda, na Afrika Mashariki ina yake. Unatafuta jinsia, sigara, umri kati ya 40 na 74, presha, na uwiano wa uzito na urefu. Kidole kinateremka, kingine kinakwenda upande, vinakutana kwenye rangi. Kijani ni hatari chini ya asilimia 5 ndani ya miaka kumi. Njano, chungwa, nyekundu, hadi nyekundu iliyoiva kwa asilimia 30 na zaidi.

Je, mtu asiye daktari anaweza kuaminiwa na karatasi hiyo? Gaziano na wenzake walilijaribu swali hilo katika Bangladesh, Guatemala, Mexico na Afrika Kusini, na mwaka 2015 wakachapisha jibu. Wahudumu waliwapima watu 4,049. Alama walizozitoa zililinganishwa na za wataalamu wa afya, na zikakubaliana kwa wastani wa asilimia 96.8. Namba hiyo hutajwa mara nyingi kwa furaha, na mimi naifurahia. Ila kuna nyingine katika utafiti ule ule ambayo naiona ina mafunzo zaidi: waliofundishwa walikuwa 68, na waliofuzu kwenda uwanjani ni 42. Kulikuwa na kiwango, na wapo ambao hawakukifikia. Hii ni kazi ya ustadi, na ustadi una mtihani.

Kisha linakuja la kusema. Namba ya bibi ilikuwa juu. Mhudumu hakuishika karatasi usoni pake wala hakukunja uso. Alivua mkanda, akaurudisha mkono wa bibi ndani ya blauzi, ndipo akasema, "Bibi, leo presha yako imepanda kidogo. Leo tu haitoshi kusema una ugonjwa. Nitakuja Jumatano tupime tena, na ikiwa bado iko hivyo nitakuandikia uende zahanati, na nitakuwa nimeshamwambia sista." Bibi aliuliza kama ni chumvi. Mhudumu alisema chumvi imo, lakini hakumpa hotuba. Aliuliza nani anapika pale nyumbani. Ni mkaza mwana. Akamwita.

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha Wilson na Jungner kuhusu kutafuta magonjwa kwa watu wasiojisikia wagonjwa. Masharti yao kumi bado yanafundishwa. Moja lasema pawepo mahali pa kuchunguza na kutibu kinachogunduliwa. Jingine, kwamba kutafuta huku kuwe kwa kuendelea, kusiwe tamasha la mara moja. Nimehudhuria matamasha hayo: hema, spika, fulana, foleni ndefu, watu wanapimwa wamesimama, na wanaokutwa na presha wanapewa karatasi ndogo na kutakiwa heri. Nia ni njema, na wapo waliookolewa pale. Ila mtu aliyegunduliwa akakosa pa kwenda amepewa mzigo asiokuwa nao jana. Ustadi wa mhudumu wa Kaloleni unaendelea baada ya mkanda kuvuliwa, katika ile "Jumatano" aliyoitaja na kuitimiza, na katika kujua kwake kwamba zahanati ina dawa wiki hii au haina. Na akisikia mtu ameacha vidonge kwa sababu kichwa hakimwumi tena, anarudi, anapima, anamwonyesha namba.

Kumbukumbu zote huingia kwenye simu yake, na msimamizi wake huzisoma. Msimamizi mzuri hutazama tarakimu za mwisho. Mashine ikifanya kazi yake, sifuri haiwi nyingi kuliko saba au tatu, kila tarakimu hupata kama sehemu moja ya kumi. Akikuta nyumba baada ya nyumba zina 120 kwa 80, 130 kwa 80, 140 kwa 90, anajua hapo hapakupimwa, palikisiwa. Na mara nyingi, alinieleza, sababu si uvivu. Betri zimekwisha na mtu anaona haya kuomba, au mkanda umechakaa gundi yake na haushiki, au mhudumu amepewa kaya za mwenzake aliyejifungua. Huenda naye, wanapima pamoja nyumba mbili tatu, na mara nyingi jibu hupatikana kabla ya adhuhuri.

Mafunzo ya kurudia ndiyo hukatwa kwanza fedha zikipungua, pengine kwa sababu hayana cha kuzinduliwa mbele ya kamera. Kama kaunti ingeniuliza ianze na nini mwaka ujao, ningesema mikanda ya saizi tatu katika kila mkoba, betri za akiba, na siku mbili kila nusu mwaka ambapo wahudumu wanakaa na muuguzi yule wa zahanati, wanapimana wao kwa wao, na wanalinganisha namba.